Somo la Robo Hii: Mtoto wa Issuna na Fizikia ya Chuo Kikuu, Kamati Ianze Wapi?



Katika ziara zetu za sharika, Issuna ikiwamo, swali moja limekuwa likirudi kila mara kikao kinapofika kwenye mfuko wa elimu. Wazee wa kanisa wanauliza: mtoto wetu akitaka kusoma Fizikia chuo kikuu, anatakiwa awe na nini? Tumeona tulijibu kwa kirefu katika toleo hili, kwa sababu majibu mafupi yanayozunguka mitaani si sahihi. Wengine wanasema lazima apate Daraja la Kwanza. Wengine wanasema lazima awe na mtu anayemjua huko Dodoma au Dar es Salaam. Na wengi wanasema ni fedha tu. Majibu haya matatu yanafanya kamati isubiri hadi mwaka wa mwisho ndipo ianze kushughulika, wakati kwa somo hili kazi kubwa inakuwa imekwisha kuamuliwa miaka minne au mitano kabla.

Tuanze na mlango wenyewe, kisha turudi nyuma hatua kwa hatua hadi shule ya kata.

Anayeweka masharti ya chini kwa vyuo vyote ni Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, iliyoanzishwa kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005. Kila mwaka TCU hutoa vitabu viwili vya mwongozo, kimoja kwa waliomaliza Kidato cha Sita na kingine kwa wenye stashahada. Humo kila shahada imeandikwa pamoja na masomo inayoyataka. Vitabu hivi vinapatikana bure kwenye tovuti ya TCU, na tunashauri kila kamati iwe na nakala iliyochapwa, kwa kuwa masharti hubadilika na mwongozo wa mwaka jana unaweza kumpotosha mtoto wa mwaka huu.

Kwa aliyemaliza Kidato cha Sita, sharti la jumla ni kufaulu masomo mawili yanayohusika na shahada anayoiomba kwa ufaulu kamili, ule walimu wanaouita prinsipo, yaani alama E au zaidi. Masomo hayo mawili yakijumlishwa yafikishe pointi 4.0. Pointi zenyewe zinahesabiwa hivi: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. (Waliomaliza mwaka 2014 na 2015 wana hesabu yao tofauti kidogo, kwa sababu miaka hiyo kulikuwa na alama B+. Mwenye cheti cha miaka hiyo asome mwongozo kwa makini.)

Kwa shahada ya Fizikia, somo la Fizikia lenyewe halina mbadala. Somo la pili kwa kawaida ni Hisabati ya Juu. Zipo shahada zinazokubali Kemia au somo lingine la sayansi badala yake, lakini mara nyingi huongeza sharti kwamba mwombaji awe na kiwango fulani cha Hisabati. Kwa hiyo mtoto wa PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia, asiidharau ile hisabati ndogo inayoitwa BAM. Wengi huiona ni mzigo wa pembeni, kumbe baadaye ndiyo inayoamua.

Hapa tunaomba wana kamati wachukue kalamu, maana ndipo watu wengi wanapochanganyikiwa.

Baraza la Mitihani, NECTA, nalo linatumia pointi, ila hesabu yake inakwenda kinyume na ya TCU. Kwa NECTA, A ya Kidato cha Sita ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6 na F ni 7. Pointi chache ndizo nzuri. Daraja la Kwanza ni pointi 3 hadi 9, la Pili ni 10 hadi 12, la Tatu ni 13 hadi 17. Kwa TCU, pointi nyingi ndizo nzuri. Mzazi anayesikia mwanawe "ana pointi 12" hana budi kuuliza: pointi za nani?

Tuchukue mfano wa wanafunzi wawili wa PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati. Wa kwanza amepata Fizikia D, Kemia C na Hisabati E. Kwa NECTA hizo ni 4, 3 na 5, jumla 12, Daraja la Pili. Nyumbani watachinja kuku. Wa pili amepata Fizikia D, Kemia S na Hisabati D. Kwa NECTA ni 4, 6 na 4, jumla 14, Daraja la Tatu. Nyumbani kwao kimya.

Sasa wote wawili wanaomba shahada inayohesabu Fizikia na Hisabati ya Juu. Wa kwanza ana 2 na 1, jumla 3.0. Hafikishi. Wa pili ana 2 na 2, jumla 4.0. Amefikisha sharti la chini. Yule wa Daraja la Pili hajakosa kila kitu, kwa kuwa Fizikia na Kemia zinampa 5.0 na zipo shahada zinazozipokea, lakini mlango aliokuwa anauendea haukufunguka, na aliyeufunga ni Hisabati. Tunasisitiza kuwa kufikisha 4.0 ni kustahili kuomba tu. Nafasi zikiwa chache, chuo huchukua wenye ufaulu wa juu kwanza, na baadhi ya shahada zina masharti makali zaidi ya haya.

Ukiuliza chuo kipi, kilicho karibu nasi ni Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007. Kutoka Issuna ni barabara moja ya lami kupitia Manyoni. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndicho kikongwe, na kina vyuo vishiriki vya elimu vya Chang'ombe na Mkwawa, ambako Fizikia inasomwa pamoja na ualimu. Jambo hili la ualimu lifikiriwe mapema. Shahada ya sayansi katika Fizikia ni miaka mitatu, na ya sayansi pamoja na elimu ni miaka mitatu vilevile, lakini aliyesoma Fizikia pekee akitaka kufundisha sekondari hutakiwa kwanza kuongeza stashahada ya uzamili ya elimu. Kwa mtoto anayetegemewa na wadogo zake, mwaka wa ziada ni mwaka mrefu.

Wazee wengine wanauliza Fizikia inamlisha mtu nini mbali na chaki. Wapo wataalamu wa Fizikia katika Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wapo katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, ambako mionzi ya tiba lazima ipimwe na mtu anayejua kipimo chake. Tume ya Nguvu za Atomiki inakagua mashine za eksirei hadi hospitali za kanisa. Na majirani zetu wa Manyoni na Bahi wanakumbuka wageni waliokuja miaka ya 2000 kutafuta urani ardhini. Wataalamu wa kupima mambo kama hayo wangeweza kutoka hapahapa.

Turudi nyuma sasa. Ili mtoto afike kwenye PCM au PCB, au PGM yenye Jiografia, lazima avuke Kidato cha Nne. Utaratibu ambao umekuwa ukitumiwa na TAMISEMI kuchagua wa Kidato cha Tano unataka awe na alama za C au zaidi katika masomo yasiyopungua matatu, na masomo ya dini hayahesabiwi humo. Tunalisema hili kwa upendo: C ya Elimu ya Biblia ni baraka, lakini haimpeleki mtoto Kidato cha Tano. Aidha, asiwe na F katika somo lolote la tahasusi anayoiomba, na jumla ya pointi za masomo hayo matatu isizidi 10, ambapo A ya Kidato cha Nne ni 1, B ni 2, C ni 3 na D ni 4. Kwa PCM, kwa mfano, C mbili na D moja zinafikia kikomo hicho. Mtoto mwenye Daraja la Pili zuri la Historia, Kiswahili na Jiografia, ila Hisabati ana F, amekwisha kuachana na PCM bila mtu yeyote kumwambia.

Tangu mwaka 2024 tahasusi zimeongezwa hadi 65, ikiwamo ya Fizikia, Hisabati na Kompyuta. Fomu ya kuchagua hujazwa mtoto akiwa bado Kidato cha Nne, na mara nyingi anaijaza peke yake au kwa kumwiga rafiki. Hapa mwinjilisti au mjumbe mmoja wa kamati akikaa naye nusu saa na ule mwongozo wa TCU anaweza kufanya kazi kubwa kuliko bahasha ya mchango.

Tukirudi nyuma zaidi tunafika mahali penyewe. Kwa miaka mingi wanafunzi wote walisoma Fizikia na Kemia Kidato cha Kwanza na cha Pili, kisha wakiingia Kidato cha Tatu waligawanyika, hawa sayansi, wale sanaa. Kijana wa miaka 15 au 16 aliamua, au aliamuliwa, kwa siku moja. Sehemu zilizokosa mwalimu wa Fizikia, darasa zima lilikwenda sanaa, na hakuna aliyeona kwamba mlango wa chuo kikuu umefungwa siku hiyo. Mitaala mipya iliyoanza kuingia mwaka 2024 imeleta mkondo wa jumla na mkondo wa amali, na inabadilisha lini na namna gani mtoto anachagua. Kwa hiyo kamati isikisie. Iende kwa mkuu wa shule au mwalimu wa taaluma iulize swali moja: hapa kwetu mtoto anaachana na Fizikia lini, na nani anaamua?

Sababu za kuachana nayo tunazijua. Shule za kata zilizojengwa kwa wingi chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, ulioanza mwaka 2004, zilileta sekondari karibu na nyumbani. Ni jambo kubwa, na wengi wetu tulibeba mawe na mchanga. Baadaye Serikali ya Awamu ya Nne ikaagiza maabara tatu kila shule, na wananchi wakachangishwa tena. Lakini chumba chenye meza na sinki hakijawa maabara. Inatakiwa springi, mawe ya mizani, lenzi, vioo, nyaya, betri, amita na voltimita, na mtu wa kumwonyesha mtoto namna ya kusoma kipimo bila kukisia. Mtihani wa Fizikia una sehemu ya vitendo. Mtoto anayegusa voltimita kwa mara ya kwanza siku ya mtihani anajaribiwa kwa kitu ambacho hakufundishwa.

Halafu kuna lugha. Mtoto wetu amesoma Sayansi kwa Kiswahili shule ya msingi. Anajua kani, anajua mvutano, anajua kwa nini ndoo ya kisimani ni nyepesi ikiwa bado majini. Anapoingia Kidato cha Kwanza maneno yote yanabadilika kuwa Kiingereza katika wiki chache, na anaanza kujiona hana akili. Na juu ya yote kuna Hisabati, somo ambalo kwa miaka mingi limeongoza kwa kuangusha watahiniwa wa Kidato cha Nne nchi nzima. Fizikia ya Kidato cha Tatu haiwezekani bila hiyo. Tukiambiwa tuchague kitu kimoja tu cha kufadhili katika kata kama Issuna, tungechagua masomo ya ziada ya Hisabati kwa Kidato cha Kwanza na cha Pili, na tungetafuta mwalimu au mhitimu aliyeko nyumbani akisubiri ajira tumlipe posho.

Wapo wafadhili watakaosema kwamba picha ya mwanafunzi aliyevaa joho inavutia zaidi kuliko picha ya watoto 40 wanaogawanya sehemu ubaoni. Ni kweli. Lakini tazameni fedha zinakopatikana tayari. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ipo kisheria tangu mwaka 2004. Kuanzia mwaka wa masomo 2022/2023 pia kuna Samia Skolashipu kwa waliofaulu vizuri sana masomo ya sayansi Kidato cha Sita. Ada ya sekondari za serikali iliondolewa kuanzia mwaka 2016 kwa Kidato cha Kwanza hadi cha Nne, na mwaka 2022 kwa cha Tano na cha Sita. Ngazi ya juu ina milango kadhaa ya fedha, ingawa haimtoshi kila mtu. Kumfundisha mtoto wa Kidato cha Pili Hisabati jioni, hakuna bodi inayotoa mkopo.

Historia ya Fizikia ya nchi hii inatupa mfano mmoja ambao tunapenda kuutumia kwenye semina. Mwaka 1963, katika Sekondari ya Magamba, Lushoto, mwanafunzi wa Kidato cha Tatu aitwaye Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Nafasi ndani ya friji ilikuwa ya kugombania, hivyo akaingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Aliuliza darasani sababu yake, akachekwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu ya sekondari, mwanafizikia Denis Osborne wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam alikuja kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akauliza tena, wenzake wakacheka tena. Osborne hakucheka. Alirudi Dar es Salaam akajaribu, na mwaka 1969 wakatoa makala pamoja katika jarida la Fizikia la Uingereza. Hadi leo jambo hilo linaitwa kwa jina la Mpemba duniani kote, na wataalamu bado wanabishana juu ya sababu yake.

Semina nyingi huishia hapo kwa makofi. Sisi huongeza kwamba makala ilipotoka, Mpemba mwenyewe alikuwa mwanafunzi wa Chuo cha Wanyamapori Mweka, na kazi yake ya maisha ilikuwa wanyamapori. Ni kazi ya heshima. Lakini mtoto mwenye swali zuri namna ile si lazima aishie kwenye Fizikia. Swali zuri halihesabiwi kwenye pointi 4.0. Lazima lisindikizwe na alama, na alama zinatengenezwa na watu wazima walio karibu naye.

Kwa upande wa wasichana tuna neno la ziada. Shule ikiwa mbali, familia humpangishia chumba. Msichana anapika, anachota maji, anafua, kisha anafungua daftari kwa mwanga wa simu. Somo la kwanza kuachwa ni lile linalohitaji mazoezi ya kila siku, nalo ni Hisabati. Sharika zenye nyumba isiyotumika karibu na shule zifikirie hosteli na mama mlezi kabla ya kufikiria ukumbi mpya.

Aliyekosa Kidato cha Tano asiambiwe basi. Mwenye stashahada anaweza kuomba shahada inayohusiana nayo akiwa na wastani usiopungua 3.0, au wastani wa B kwa stashahada ya ualimu, pamoja na ufaulu wa masomo manne ya Kidato cha Nne. Vijana waliopita Chuo cha Ufundi Arusha kwa mfano, mara nyingi huishia uhandisi, ambao ni Fizikia iliyovaa ovaroli. Na aliyefanya Kidato cha Sita bila kufikisha 4.0 aulizie kozi ya msingi ya Chuo Kikuu Huria. Njia hizi ni ndefu, lakini ni halali.

Tumalizie na karatasi, kwa sababu huko ndiko tunakopoteza watoto waliokwisha kufaulu. Maombi ya mkopo yanataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA. Cheti cha ubatizo hakitoshi, hata kikiwa na muhuri wa usharika. Aliyefiwa na mzazi anahitaji cheti cha kifo kilichohakikiwa vilevile, na kumbukeni kwamba misiba mingi ya vijijini haikuandikishwa popote. Majina yafanane herufi kwa herufi na ya vyeti vya NECTA. Watoto wetu wengi wana jina la ubatizo mahali pamoja, la Kinyaturu mahali pengine, na la babu mahali pa tatu. Kurekebisha huchukua miezi.

Dirisha la mikopo hufunguliwa katikati ya mwaka, wakati ambapo waliomaliza Kidato cha Sita mwezi Mei wengi wako kambini JKT. Matokeo hutoka yapata Julai, na maombi ya vyuo hufuata. Tangu mwaka 2017 mwanafunzi anaomba moja kwa moja chuoni, si TCU kama zamani. Akichaguliwa na zaidi ya chuo kimoja lazima athibitishe kimoja kwa namba ya siri anayotumiwa kwenye simu, kabla ya siku iliyopangwa. Simu hiyo iwe ya kwake au ya mtu anayepatikana, si ya jirani aliyehamia Itigi.

Kwa kikao cha robo ijayo tunaomba kila kamati ije na orodha fupi: watoto wa usharika walioko Kidato cha Kwanza hadi cha Nne kwa majina, alama zao za mwisho za Hisabati na Fizikia, na nani kati yao hana cheti cha kuzaliwa. Ofisi ya mradi itakuja na mwongozo wa TCU wa mwaka huu na fomu za RITA. Wafadhili wanaopenda kuchangia vifaa vya maabara watupigie kwanza kabla ya kununua, ili tumuulize mwalimu anahitaji nini hasa. Shule nyingi zina lenzi za kutosha lakini hazina betri.